Injini Mbili za Sanduku Moja

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Injini yangu inasaga kama mashine ya posho. Meza inatetemeka, vikombe vinagongana. Mke wangu, Nyaruai, amehamia jikoni na redio yake. Ati nikiiwasha tena wakati wa taarifa ya habari, ataipeleka ikasage mahindi kweli.

Ya Mukhwana haitoi sauti hata kidogo. Watu watatu wameniambia. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja!

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Injini zote mbili zilitoka sanduku moja. Mzungu mzee wa Kiminini aliuza vitu vya nyumba akarudi kwao. Mimi, fundi wa redio hapa Kibomet, Kitale, na Mukhwana, fundi wa saa wa Bungoma, tukalinunua sanduku pamoja. Treni mbili za umeme za kuchezea, kila injini ndefu kama kiganja, kijani ile ile, na reli za kuzunguka meza. Mimi ndiye niliyechagua kwanza. Nikachukua iliyong'aa. Yeye akatabasamu tu. Sasa najua kwa nini.

Jumamosi Mzee Eliakim wa Bungoma anatimiza miaka themanini. Aliendesha treni ya Kitale maisha yake yote ya kazi. Anataka treni ndogo izunguke mezani kwake wakati wa ibada ya shukrani, na atakayemfurahisha atapewa taa yake ya reli, yenye kioo chekundu na cha kijani. Binti yake, Agneta, ameweka sharti moja: kelele zake zisifunike maombi ya askofu.

Naitaka taa hiyo kuliko kitu chochote. Hasa kwa kuwa Mukhwana naye anaitaka.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeenda Bungoma kumjulia Mukhwana hali. Yaani kumpeleleza.

Injini yake ilikuwa inazunguka mezani, kati ya saa alizofungua. Nikainamisha sikio mpaka ikakaribia kunipanda. Kimya! Nilisikia saa za ukutani, nikasikia na tumbo langu. Nikamsifu, lakini maneno yalitoka kwa shida.

Kisha akanieleza kila kitu bila kuulizwa. Akaniambia, "Bwana Kibe, si ni kazi kidogo tu. Toa hiyo grisi yote ya zamani, osha gia, weka tone moja ya mafuta ya saa. Weka karatasi katikati ya meno, ile wazee wa Malakisi wanasokotea tumbaku. Kaza mota, alafu utoe karatasi. Chini ya mota weka raba laini. Ni hivyo tu."

Akanipa na kichupa cha mafuta yake.

Nani hutoa siri ya kazi bure? Nimekaa na mafundi miaka ishirini, sijamwona. Basi ni uongo. Na kama tone moja ni uongo, ukweli lazima uwe ni mafuta mengi. Kichupa nikakisahau kwake kwa makusudi.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimefaulu! Asubuhi nilichota mafuta ya kupikia kwenye mkebe wa Nyaruai, vijiko vinne vizima, nikajaza sanduku la gia mpaka yakafurika. Mota nikaifunga kwa tyubu ya baiskeli, raundi tatu. Baridi ya leo ilikuwa kali, nimevaa sweta mbili, na mafuta yaliganda vizuri kama sabuni. Nikawasha. Kimya kabisa. Nyaruai alipita mara mbili bila kujua kwamba treni inatembea.

Ameuliza mafuta yake yameenda wapi. Nimesema ni panya.

Mchana nikampigia Agneta simu. Nikamwambia kwa huruma kwamba Mukhwana ni mtu mzuri, ila mikono humtetemeka mbele ya watu. Agneta akasema tuje wote wawili, na kwa heshima mgeni wa mbali ndiye aanze. Mgeni wa mbali ni mimi. Taa imeshafika nyumbani!

Jumamosi, 12 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Hakuna aliyenikumbusha kwamba Bungoma kuna joto. Saa saba mchana, chini ya hema, watu mia mbili, jua linachoma. Meza iliwekwa juu ya nyasi, upande mmoja umeinama kidogo. Nikaunganisha reli na betri ya gari. Askofu akasema tufumbe macho.

Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mukhwana alikuwa anatikisa kichwa kwa kustaajabu, nikamwonea huruma.

Lakini askofu wa huku huwa haombi kwa haraka. Alianza na babu za Mzee Eliakim, akaja kwa stesheni moja moja. Alipofika stesheni ya tatu mota ilikuwa imepata moto, na mafuta yakaanza kuyeyuka. Ikatoka harufu ya chapati. Watu wakafumbua macho wakidhani chakula kiko tayari. Mafuta yakadondoka kwenye reli, magurudumu yakazunguka papo hapo, na treni yangu ikaanza kuteleza kinyumenyume, polepole, wakati askofu anaomba tusogezwe mbele. Ikaanguka kwenye mapaja ya Mzee.

Mzee akaiokota, akainusa. "Fundi," akasema, "treni ikirudi nyuma ni lazima ipige honi."

Watu mia mbili walicheka. Askofu pia. Mukhwana hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alifuta reli kwa kitambaa chake, akaweka injini yake, ikazunguka mpaka amina ya mwisho. Mzee aliisikiliza akilia. Akampa taa.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya kanisa Mukhwana amebisha hodi hapa Kibomet. Ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Taa!

Akasema, "Bwana Kibe, hii taa ni ya laini ya Kitale. Mzee alikuwa anaiwasha akikaribia huku kwenu. Ikae kwako. Mimi ile machozi ya mzee imenitosha."

Nyaruai akampa chai na viazi vitamu, akamwita shemeji. Mimi nikaipokea taa.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimeikagua taa asubuhi nzima. Kioo kizima. Utambi mzima. Haina kasoro hata moja.

Hapo ndipo nikashtuka. Mtu hatoi kitu kizuri namna hii isipokuwa amebaki na kizuri zaidi. Mzee alimpa nini kwa siri? Filimbi? Kofia ya udereva? Nyaruai anasema Mukhwana ana roho nzuri tu. Wanawake hudanganywa upesi.

Nimeenda Bungoma na taa kwapani. Nikamwambia tubadilishane: achukue taa, anipe alichoficha. Akaapa hana kitu. Akafungua droo zote. Akanionyesha hata chini ya kitanda. Mtu anayeficha kitu kidogo hawezi kuficha vizuri hivyo!

Basi nikaiacha taa mezani kwake, nikamwambia sitaki makombo. Mukhwana akaitundika ukutani.

Nimerudi Kitale mikono mitupu, lakini moyo mweupe. Sasa anajua kwamba mimi si mjinga.