Munyiva Hataki Kulala kwa Mama Githinji

Jumatatu, 7 Julai 2003

Baridi. Upepo wa Kitengela umenitilia vumbi hadi ndani ya chai.

Jioni nimeitwa pembeni na Mama Githinji. Huyu ndiye hutulelea watoto mchana, sisi wa ploti za nyuma ya soko, tukiwa kazini. Ati binti yangu Munyiva hajawahi kulala mchana hata mara moja tangu aanze kuja hapa. Wenzake wakilala, yeye anasimama katikati ya magodoro na kuwatazama. Anawatazama tu. Halafu anawaamsha mmoja mmoja. Mama Githinji hakunipigia kelele. Alisema polepole, kwa upole, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Asipolala kufikia Ijumaa, nitafute mahali pengine.

Mahali pengine wapi? Mke wangu Kamene anashona nguo kwa viwanda vya EPZ, na mtoto hapitishwi getini. Mimi natengeneza redio kwa kibanda kilichojaa nyaya za stima. Inabaki Mbooni kwa mama yangu, ambaye amekuwa akimdai wajina wake tangu siku alipozaliwa. Ndiyo, Munyiva ni jina la mama. Na mama akimchukua, harudishi. Nitakuwa namwona Krismasi. Nilifikiria hivyo nikashindwa kumaliza ugali.

Muturi, kinyozi wa kibanda jirani, ameshasikia. Kijana wake Gakuru yuko hapo hapo kwa Mama Githinji na analala hadi anakoroma. Amenieleza hivyo mara mbili bila kuulizwa.

Lakini mimi ni Musila. Niko na mpango.

Jumanne, 8 Julai

Mpango: kumchosha. Mtoto aliyechoka atalala apende asipende.

Nilitoka naye mapema, kwa miguu, tukazungukia njia ya soko la mbuzi. Hatujafika mbali Mwaitu akasema nimbebe. Munyiva namwita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu kwa jina yeye ni mama yangu. Sisi Wakamba ni hivyo. Sasa mama yako akikuambia umbebe utakataa? Nilimbeba.

Sokoni mzee mmoja Mmaasai akatusalimia, supa, supa, akanyoosha mkono akingoja Munyiva ainamishe kichwa kiguswe, vile watoto wa kwao husalimu wazee. Munyiva hakuinama. Aliinuka mabegani mwangu, akanyoosha mkono wake mdogo, akamgusa mzee kichwa. Ai! Nilitaka ardhi inimeze. Mzee alicheka hadi akashikilia mbuzi asianguke. Akasema huyu amekuja duniani akiwa mtu mzima. Niliomba msamaha, lakini moyoni nilikuwa nimevimba kwa furaha. Mtoto wa nani? Wangu.

Matokeo: Munyiva alifika kwa Mama Githinji amepumzika kabisa. Hakulala. Aliyelala ni mimi, kwa meza ya kazi, mdomo wazi, na Muturi akaita wateja wake waje kuona. Mmoja alikuja na povu la sabuni usoni.

Jumatano, 9 Julai

Leo akili imefanya kazi. Nyumbani Munyiva husinzia wakati gani? Wakati wa matangazo ya vifo kwa redio! Ile sauti nzito, ya polepole, inayotaja marehemu, na watoto wa marehemu, na wakwe wa marehemu. Hakuna usingizi unaoweza kuishinda sauti hiyo. Na mimi ni fundi wa redio. Niko na kaseti ya matangazo niliyorekodi wiki jana nikijaribu redio ya mteja.

Nilipeleka redio na kaseti. Nilimwambia aniamini. Mwanamke wa subira kweli, aliniamini.

Saa ya kulala ikafika, akawasha. Watoto kimya. Hata Munyiva aliketi chini, jambo ambalo halijawahi kuonekana hapo. Sasa, nje ya dirisha, hukaa Nzembi anayeuza mboga. Nzembi akasikia jina la mjomba wake. Mjomba waliyemzika Jumamosi! Mjomba ambaye yeye mwenyewe alimtupia udongo! Anatangazwa amefariki tena, mazishi Jumamosi ijayo. Woi! Alipiga nduru, akaangusha nyanya zote, majirani wakaja mbio, watoto wakaanza kulia, na ambao hawakujua kinacholiliwa walilia zaidi.

Nimeelezwa kwamba ni mtu mmoja tu hakulia. Munyiva alitoka nje, akamfuta Nzembi machozi kwa pindo la sweta, akamwambia anyamaze. Nzembi akanyamaza.

Nimelipia nyanya kwa kumtengenezea Nzembi redio yake. Hataki kuiwasha.

Alhamisi, 10 Julai

Kamene alijua yote kutoka kwa Nzembi. Aliniuliza tu kama nguo za Munyiva azipange kwa mfuko mdogo au mkubwa, ikiwa atapelekwa Mbooni. Halafu akageuka upande wa ukuta. Kwa hiyo leo nilikuwa sina mchezo.

Mpango: koti langu la kazi. Nyumbani mtoto hunilalia kifuani. Hawezi kunipata mimi mchana, lakini harufu yangu anaweza. Nilimwachia Mama Githinji koti, nikamwambia amfunike nalo, atadhani ni mimi. Mpango mzuri. Haukuwa na kasoro yoyote isipokuwa tochi iliyosahaulika mfukoni.

Saa ya kulala, Munyiva aliwamulika wenzake macho, mmoja baada ya mwingine, akikagua nani amelala kweli na nani anajifanya. Aliyejifanya aliambiwa alale. Gakuru wa Muturi, yule wa kukoroma, aliamshwa ili aambiwe alale.

Nilipoenda kumchukua, nilijua nimefukuzwa. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika kofia. Lakini Mama Githinji alinipa kiti na chai. Akataka kujua jambo moja tu: nyumbani tunamlaza vipi?

Nilimwambia ukweli, kwamba hatumlazi. Nani atamlaza mama yake? Jioni namuuliza, Mwaitu, umechoka? Tulale sasa? Yeye ndiye hukubali. Ananilaza mimi kwanza, halafu Kamene, anatufunika, anahakikisha tumefunga macho. Akiona nyumba imetulia, ndipo analala yeye.

Mama Githinji aliweka kikombe chini. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akaita Mungu wake kwa Kikuyu. Kwao pia watoto hupewa majina ya wazee, na yeye mwenyewe ana binti anayemwita mama.

"Musila," akasema, "umeniletea bibi mzima hapa, na mimi siku zote hizi namwambia funga macho kama mtoto. Ningekuwa yeye, hata mimi singelala."

Ijumaa, 11 Julai

Nilifunga kibanda saa ya watoto kulala nikaenda kuchungulia dirishani, nimejificha nyuma ya magunia ya sukuma wiki ya Nzembi.

Mama Githinji hakusema lala. Alimletea Munyiva kigoda chake mwenyewe, kile ambacho hata mwanawe Githinji hakalii. Akachuchumaa mbele yake, yule mama mkubwa wa mwili, na magoti yake mabovu.

"Mama, watoto wamechoka," akamwambia. "Utanisaidia kuwalaza?"

Munyiva alifikiria. Akashuka kwa kigoda. Akapita kwa kila godoro, akavuta blanketi, akapiga mtu mgongo kidogo, akasonga mbele. Gakuru alitaka kuleta ujeuri. Munyiva alisimama juu yake tu, mikono nyuma. Gakuru akalala. Wote walipotulia alirudi kwa Mama Githinji akamwambia wamelala. Mama Githinji akamshukuru, akamwambia sasa na yeye apumzike, kazi imekwisha. Munyiva akalala chini peke yake, akajivutia blanketi, akafunga macho.

Alilala. Mwanangu alilala!

Nililia hapo hapo kwa sukuma. Nimeona mafundi wengi katika maisha yangu. Nimeona mtu akitengeneza redio iliyoliwa na panya. Sijaona fundi kama yule mama. Na sijaona mtoto kama wangu. Nilimwambia Mama Githinji hivyo jioni, akanipiga bega, akasema nafasi ya Munyiva iko, asiende popote. Kamene aliposikia alikaa chini akavua viatu, halafu akaanza kuimba akipika.

Muturi aliuliza imekuwaje. Nilimwambia ni koti.

Jumatatu, 14 Julai

Shida.

Munyiva sasa analala mchana vizuri mno. Mama Githinji anasema sasa anayeamshwa wa mwisho ni yeye. Hata Jumamosi alilala hapo kama mzee aliyekula nyama. Kwa hiyo usiku hana usingizi hata kidogo. Anatulaza, anatufunika, anazunguka, anaona sijafunga macho sawasawa, anaanza tena kutoka mwanzo. Nikikohoa naulizwa. Kamene ameenda EPZ leo macho mekundu, na mlangoni akaniambia nifanye kitu au nihamie Mbooni mimi.

Mchana nilichoma kidole mara tatu na chuma cha kulehemu. Lakini pole pole mambo yakafunguka. Nimeelewa makosa yako wapi. Mama Githinji ni mwanamke wa ajabu, nitamsifu hadi nizeeke, lakini amezidisha. Mtoto hafai kuachwa alale hivyo mchana. Kesho nitamweleza kwa heshima.

Nimeshanunua filimbi ya kumwamshia.