Pikapu Yangu Marehemu

Jumatatu, 4 Novemba
Serikali imeweka kamera kwenye bariere ya Bihambwe, pale magari yanapokaguliwa. Iko juu ya nguzo, na sola yake. Inapiga picha kila gari la mtu binafsi. Guylain, karani wa bariere, ameniambia kwa siri, kama alivyowaambia wengine kumi, kwamba magari mazima yatachukuliwa kupeleka chakula cha askari Walikale. Gari likienda vitani, hurudi usukani tu. Pikapu yangu ndiyo hufikisha maziwa mjini Sake kabla hayajachacha. Bila hiyo tutakula nini? Bahati nzuri nina akili. Mke wangu, Mukandayisenga, anasema hiyo akili ndiyo inayomtia hofu.

Jumanne, 5
Mpango: pikapu ife. Nimeng'oa taa moja. Nimeipaka samadi ubavuni. Kisha nimeifunga kamba na kuwavutisha ng'ombe wangu wote wanne. Ng'ombe wa Masisi hawajazoea kazi hiyo. Walisimama mara mbili kula maharagwe ya watu. Hatimaye tulipita mbele ya kamera polepole, nami nimevua kofia kama mfiwa. Guylain aliandika kwenye daftari: “Gari iko mufu.” Nusura nimkumbatie.

Maziwa ya leo yamechacha. Si kitu.

Alhamisi, 7
Orodha imetoka. Ya kwanza kabisa ni Prado ya Damien, yule mwenye duka kutoka Butembo, anayeiosha kila Jumamosi ili tumwone kwenye misa. Mimi simo! Nilikwenda dukani kumpa pole. Nilimpa mara tatu, asije akasema hakusikia. Raha niliyoipata siwezi kuiandika.

Ijumaa, 8
Limetokea jambo dogo. Guylain alikuja na askari wawili. Lori la chakula limekwama kwenye matope. Mkubwa wao alitazama picha za kamera, akaona ng'ombe wanaovuta gari. Wamechukua wawili. Guylain alisema kwa heshima zote, “Papa Rugamba, wale wengine tutawafuata Jumatatu.” Mukandayisenga alilia. Nami nililia kidogo, kwa ajili ya Bihogo, mmoja wa hao wawili, aliyetunywesha maziwa tangu binti yetu Christa azaliwe.

Lakini pikapu iko uani. Hilo hakuna wa kulikana.

Jumapili, 10
Damien amerudi kutoka Walikale na gari lake. Prado ina tairi mpya nne, za jeshi. Alinipa pole mbele ya kanisa zima. Mimi si mtu wa wivu.

Mke wangu aliuliza tumeshinda nini hasa. Nilimweleza kwa subira. Serikali ilitaka pikapu, haikuipata. Wanawake huchelewa kuona mambo makubwa.

Sasa wamebaki ng'ombe wawili, na kesho ni Jumatatu. Shemeji yangu Nshimiyimana ana malisho ng'ambo ya bariere, huko watafichika vizuri. Ila wakipita kwa miguu, kamera itawaona, na kila mtu atajua walikokwenda. Nimewaza tangu misa hadi jioni. Nimepata. Taa nimeirudisha. Samadi nimeiosha yote. Injini nimeijaribu, inanguruma vizuri ajabu. Kukicha tu nitawapakia ng'ombe ndani ya pikapu, niwafunike turubai, nipite mbele ya kamera bila wasiwasi wowote. Nani atalishuku gari ambalo serikali yenyewe imeandika kwamba limekufa?