Mashuhuri wa Mawe Matatu

Inatangazwa kwa furaha na taadhima kwamba mnamo mwaka 1999 mji wa Maskati ulipata, kwa mara ya kwanza, orodha rasmi ya wafu wake wenye hadhi. Orodha hiyo niliiandaa mimi. Kama kuna mtu anatafuta wa kumlaumu, asijisumbue kuulizauliza, nipo na namba ya simu sijabadilisha.

Jina langu Muatasim. Wakati ule nilikuwa Naibu Mkurugenzi Msaidizi katika ofisi moja ya Al Khuwair ambayo sitaitaja, maana mpaka leo naenda kunywa kahawa yao. Kazi yangu ilikuwa kuwa na meza. Meza kubwa, ya kioo, na kila asubuhi nilitoka kwangu Azaiba, nikakaa kwenye foleni ya magari saa nzima ili nikaikalie.

Mambo yalianza pale Mkurugenzi Mkuu wetu, Sheikh Saeed, aliporudi safari ya Ulaya. Huko kaona makaburi ya majemadari na wapiga piano, yana ramani mlangoni, watu wanapanga mstari kupiga picha. Akaniita.

"Muatasim, siye hatuna wafu?"

"Tunao wengi, Sheikh."

"Mashuhuri?"

"Hawakosekani."

"Basi wapangeni. Na babu yangu kazikwa mle kwenye makaburi ya zamani ya mjini, mwaka wa sabini na tano, miye niko masomoni Kairo. Mtafuteni na yeye. Alikuwa mtu mkubwa."

Ndipo ikaundwa Kamati Maalumu ya Kubainisha, Kuorodhesha na Kuenzi Mashuhuri Waliozikwa. Tulikuwa wajumbe watano, sote watoto wa Unguja kama Sheikh mwenyewe, tumerudi Omani watu wazima na vyeti vyetu mkononi. Mmoja kasoma Moscow, mmoja Baghdad, wawili Kuwait, na mimi nimesoma barua za wenzangu. Dereva wetu Aflah alikuwa mtu wa Nizwa, bara ya Omani, kwa baba na mama, lakini alikuwa akisubiri pembeni, kwa sababu dereva si mjumbe.

Tatizo la makaburi yale lilikuwa moja tu: hayana majina. Watu wa zamani walizika, wakasimamisha mawe, wakaenda zao nyumbani. Hakuna maandishi, hakuna tarehe. Kamati ilizunguka siku mbili juani ikiwa na miavuli na mafaili, ikarudi na mafaili yaleyale.

Siku ya tatu nikagundua mimi, tena peke yangu. Makaburi mengine yalikuwa na mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Mengine yalikuwa na matatu, la tatu limesimama katikati.

"Vyeo!" nikapiga ukelele. "Jamani, hamwoni? Polisi ana nyota begani, maiti ana mawe. Mawili ni mtu wa kawaida, matatu ni mashuhuri!"

Wajumbe wakanipa mikono. Yule wa Moscow alitokwa na machozi. Aflah akakohoa.

"Aflah, maji yamo garini," nikamwambia.

Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikaandika kwenye faili kwamba dereva apelekwe hospitali akapigwe picha ya kifua.

Hesabu ikatoa Mashuhuri arobaini na mmoja. Lenye mawe marefu kupita yote tukampa babu yake Sheikh Saeed, kwani nani mwengine angestahiki? Linalofuatia kwa urefu nikampa babu yangu mimi, ambaye naye nilisikia kazikwa humo. Sikuona haya. Ningekuwa nazo haya nisingekuwa na ile meza.

Wakabaki wenye mawe mawili, ambao waraka wetu uliwaita Wafu wa Kawaida. Wageni wangekuja na magari, magari yanataka pa kukaa, na Wafu wa Kawaida, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, "watapisha". Naisema kama tulivyoiandika, msinitazame hivyo. Awamu ya kwanza ilikuwa ule mstari wa makaburi saba karibu na lango: mawe yaling'olewa, kokoto ikamwagwa, zikapigwa chokaa nafasi saba za maegesho ya wakubwa. Awamu ya pili, mstari unaofuata, ingeanza siku moja baada ya sherehe ya ufunguzi.

Vibao vya marumaru tulimwagiza Elijah, fundi wa Kikenya mwenye karakana Rusayl. Akaja ofisini na penseli sikioni.

"Mudir, hii vibao niandike jina gani?"

"Andika 'Sheikh'."

"Sheikh nani?"

"Sheikh, basi. Kisha namba."

"Wote arobaini na moja ni masheikh?"

"Elijah, wewe chonga."

"Sawa, mudir. Mimi nauliza tu, juu marumaru haina kufuta."

Wiki ya sherehe akaja Bi Mahfoudha. Mama wa miaka sabini na ushee, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, nyumba yake imepakana na ukuta wa makaburi tangu mwaka wa sabini na nne. Alikataa kiti.

"Mwanangu, nimeambiwa mnataka kumtilia kokoto mume wangu."

"Mume wako nani, Bibi?"

"Hamdan, fundi redio. Yupo mstari wa pili, wa nne kutoka ukutani. Dirisha langu linamtazama. Kila asubuhi nkifungua namtolea salamu, miaka kumi na minane sasa. Mkimfunika nimsalimie nani, magari?"

Nikafungua faili. Nikavaa miwani, ingawa naona vizuri bila miwani.

"Bibi, Marehemu Hamdan ana mawe mawili."

"Ehe, mawili."

"Ndilo tatizo lake. Angekuwa na matatu tungemwekea kibao."

Bi Mahfoudha akanitazama. Midomo ikamcheza.

"Kwani wenye matatu ndio nani?"

"Ndio wakubwa. Masheikh, makadhi, mawaziri."

"Ala! Na babu yake Saeed mmempata?"

"Tumempata. Matatu, tena marefu."

"Tena marefu! Mashaallah." Akavuta buibui lake, akaenda mlangoni, akageuka. "Hiyo sherehe yenu nna nafasi? Nataka kadi."

Nikampa kadi. Nikajisifu moyoni kwa namna nilivyomtuliza mama wa watu.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumatatu asubuhi. Kulikuwa na zulia jekundu, halwa, birika za kahawa, na wageni wa heshima kutoka Nizwa na Bahla, wazee wenye vilemba na bakora. Nafasi saba za maegesho zilijaa. Namba moja lilikaa gari jeusi la Sheikh Saeed, injini inanguruma ili ndani pasipate joto. Namba saba lilikuwa langu.

Tangu wageni walipoingia niliona kitu hakijakaa sawa. Wazee wa Nizwa walisoma vibao, wakatazamana, wakaziba nyuso kwa ncha za vilemba. Mabega yalikuwa yanawatikisika. Nikadhani wanalia.

Sheikh Saeed akafunua kibao namba moja. "Hapa," akasema, sauti ikitetemeka, "amelala babu yangu. Dume la madume! Ndevu zake zilikuwa zikifika kifuani."

"Saeed, mwanangu," ikatoka sauti ya Bi Mahfoudha kwenye viti vya nyuma, "huyo ni Bi Aliya, mkunga."

Gari tu lilikuwa linasikika.

"Mwanamke ndiye mwenye mawe matatu," akaendelea. "Mwanamume huwekewa mawili. Ndiyo ada ya huku, na miye sikuijua mpaka nlipokuja kuishi hapa, nkauliza. Nyie mna midomo, mmeshindwa kuuliza? Namba mbili huyo, babu yake Muatasim, ni Bi Sabah, alikuwa akiuza mikate ya ufuta. Wote hao arobaini na mmoja ni wanawake. Hata mtoto mdogo wa Nizwa anajua."

Macho yote yakamgeukia Aflah.

"Nilikohoa," akasema Aflah.

Wazee wa Nizwa hawakuweza kuvumilia tena. Mmoja alicheka mpaka bakora ikamwanguka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kisha nikakumbuka ingenimezea wapi.

Sheikh Saeed alikuwa amebadilika rangi. "Bi Mahfoudha," akauliza polepole, "na babu yangu?"

Bi Mahfoudha hakucheka. Akanyoosha mkono kuelekea lango.

"La kwanza kutoka mlangoni. Chai ya maziko yake nlipika miye. Lizimeni hilo gari."

Hapakutolewa waraka wala agizo. Magari saba yalirudi nyuma kwa pupa, la kwangu likagonga la mjumbe wa Moscow. Kisha Sheikh Saeed akapiga magoti kwenye ile kokoto akiwa na kanzu yake nyeupe, akaanza kuizoa kwa mikono, naye analia, safari hii kweli. Sisi wengine tukamfuata. Tungefanya nini? Awamu ya pili ilifutwa hapohapo, kwa mdomo, na faili lake sijaliona tena.

Elijah akanijia nimeinama. "Mudir, na hizi vibao?"

"Muulize Bibi."

"Kata upya uandike 'Bi'," akasema Bi Mahfoudha. "Majina ntakupa miye, wote nnawajua."

Kisha akaenda kwake, akafungua dirisha. Akamtolea Hamdan salamu, kwa utaratibu, kama kwamba sisi hatupo. Alipomaliza akaanza kutusimamia.

"Saeed, sogea kushoto, hapo ni miguuni. Ehe, hapo."

Mkurugenzi Mkuu akasogea.

Nami nikajikaza, nikanyanyua uso wenye vumbi. "Bibi, samahani. Na babu yangu mimi?"

"Hujui alipozikwa?"

"Sijui."

"Hujui alipo babu yako, ukanivalia miwani kunambia mume wangu hana hadhi!" Akaniacha nichemke kidogo juani. "Namba saba, Muatasim. Uliegesha juu yake. Haya, zoa."