Supu Iliyongoja Ugali

Jumatatu, 12 Julai 1976

Habari nzito. Mzee Makarius, baba yake Marsela, anapanda lori Jumamosi kutoka Majimoto, yeye na mdogo wake Ponsian. Wanakuja kutazama wachumba. Wachumba, kwa wingi: mimi, na Masalu, karani wa stesheni. Masalu ana kofia ya kazi. Mimi nina hoteli hapa Shanwe, meza tatu, chai na maandazi. Marsela ananipenda, kaniambia mwenyewe, ila mwenye kauli ni baba yake. Nimelala chali nikawaza mpaka kiatu kikadondoka. Nimepata. Chakula cha jioni cha Kifaransa! Masalu hawezi hilo hata avae kofia mbili.

Jumanne, 13 Julai

Methusela, fundi cherehani, jirani yangu, amekubali kuwa mhudumu. Akauliza Kifaransa nimejifunzia wapi. Nikamjibu kwamba nilikaa miaka mitatu kwenye misheni ya kando ya ziwa, karibu sana na meza ya padre Mfaransa. Ni kweli. Nilikuwa mpiga pasi, na dirisha la chumba cha pasi lilitazamana na dirisha la chumba cha kulia. Nimeona yote. Sahani moja inaletwa, inaliwa, inaondoka. Ndipo inakuja nyingine. Hakuna anayenawa, kwa sababu kuna vijiko na uma. Mhudumu hasemi neno. Na miaka yote mitatu sikuona ugali hata siku moja.

Nimeandika ukutani kwa chaki: supu ya vitunguu, kuku kwa mvinyo, saladi, mayai ya sukari.

Alhamisi, 15 Julai

Mvinyo umekuwa shida. Parokiani nimeambiwa kwa upole kwamba mvinyo uliopo una kazi yake. Nimenunua wanzuki. Pombe ya asali ikikaa kwenye chupa ya mvinyo, nani atajua? Sadalla wa dukani ameniazima mishumaa minne na jora la kitambaa cha marekani nyeupe, kwa sharti nisilikate wala kulimwagia mchuzi. Nimetandika mezani kipande kinachotosha, bila kukata. Jora lenyewe nimelikalisha kwenye kiti cha tatu, kama mgeni.

Marsela amepita akitokea kwa shangazi yake anakokaa. Kaangalia ukutani, kauliza ugali uko wapi. Nikasema Mfaransa hali ugali. Akasema baba yake hagusi mboga mpaka auone ugali mezani, na wala hatauomba, kwa kuwa mtu aliyekuja kwa mambo ya ukwe haombi chakula. Nikacheka kistaarabu. Alipoondoka nikapeleka sufuria ya ugali kwa Methusela, isije ikanishawishi.

Jumapili, 18 Julai

Sikwenda misa. Naandika mambo ya jana, kwa utulivu.

Wageni walifika saa kumi na mbili na nusu jioni, vumbi la lori mpaka kwenye kope. Tangu uji wa asubuhi hawakuwa wametia kitu mdomoni. Niliwasalimia kwa kuinama, nikaingia jikoni, nikabaki huko. Kwetu anayetaka kuoa hakai mbele ya baba mkwe anapokula, na mzee angeniona sina adabu. Kazi yote ikawa ya Methusela. Nilimpa amri tatu. Asiseme neno. Asiondoe sahani mpaka mgeni aimalize. Asilete ya pili kabla ya kuondoa ya kwanza.

Supu ikaenda. Kimya. Nikajua wameduwaa. Wafaransa hula polepole, nimeshuhudia. Nikamgeuza kuku.

Nusu saa. Kimya bado. Nikanyunyizia mayai sukari.

Saa nzima ilipopita nikamwita Methusela, nikamuuliza wageni wanaionaje supu. Akasema wanaiangalia. Nikamwambia hiyo ndiyo heshima yenyewe. Akasema mzee amekunja mikono ya shati na ameinua viganja, kama mtu anayengoja maji ya kunawa. Nikamkumbusha kwamba kuna vijiko. Akarudi ukutani, akasimama bila neno, kama nilivyomwagiza.

Sasa naiona hali ilivyokuwa. Mzee alingoja maji na ugali, na asingeomba. Methusela alingoja sahani iwe tupu, na asingesema. Mimi nilingoja sahani irudi, na nisingetoka. Mishumaa peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi.

Ilipokaribia saa tatu waliinuka. Mzee Makarius alimwambia Methusela amshukuru mwenye nyumba, wameona. Huko nje, karibu na dirisha la jiko, nikamsikia akimwambia mdogo wake, "Ametuonyesha mboga, akatunyima ugali. Kama mtoto wetu hamtaki, si angesema tu."

Ilinichoma. Namtaka. Nilitaka kutoka niseme hivyo, lakini nilikuwa na aproni.

Njia yao ilipita stesheni. Masalu alikuwa kibarazani kwake na ugali na migebuka ya kukaanga. Akasema karibuni, kama mtu yeyote anayekula anavyosema. Akawaletea maji, akawaachia sinia, akaingia ndani kwa adabu. Methusela, aliyewasindikiza, anasema hawakubakiza hata mwiba. Yeye mwenyewe alikula.

Jumanne, 20 Julai

Marsela kaja kuniambia mwenyewe. Baba amesema Masalu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema alinionya kuhusu ugali. Nikamjibu kwamba ndiyo, alinionya, ila hakutia mkazo. Akaondoka bila kuaga.

Nimeshinda hotelini na lile jora. Sadalla ameona doa la supu, lakini hakusema kitu, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Moyo unauma kweli. Kuku nimemla peke yangu, siku ya tatu hii. Wanzuki kwenye mchuzi ni kitu kizuri sana, nani angejua.

Alhamisi, 22 Julai

Ponsian kaja na ujumbe wa kaka yake. Mzee hana kinyongo. Harusi ni Septemba, kulekule Majimoto, na wangependa nipike mimi, kwa kuwa nina masufuria makubwa. Wana ombi moja tu: ugali uwepo.

Nimekubali hapohapo. Baadaye nikakaa nikatafakari. Watu walioweza kuungoja ugali zaidi ya saa mbili, kwa njaa ya kutwa nzima, bila kunung'unika, hao ndio watu wa mlo wa Kifaransa hasa. Jumamosi ile kosa langu lilikuwa moja tu: sikuwa na ugali wa kuwamalizia. Safari hii utakuwepo. Nimefuta ukuta, nimeandika upya: supu, kuku, saladi, mayai, kahawa, ugali.

Methusela nimeshamwagiza asiseme neno.