Sabini na Mbili Kutoka Do Hadi Do

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kikao cha kwaya. Godlisten, mpiga kinanda wetu, kaleta hoja kwamba Mama Tusajigwe atolewe. Eti noti yake moja haipo kwenye kinanda, inaharibu wenzake. Mama wa watu kaimba hapa Temeke miaka thelathini na moja, toka kanisa likiwa la makuti. Akawa anakunja leso. Roho ikaniuma. Nikasimama mie Audax, mwalimu wa kwaya, niliyewahi kuishi Lubumbashi wiki sita, nikasema noti ya mama ipo, kinanda ndicho hakijasoma. Mchungaji akauliza ipo wapi. Nikasema nitaiandika.

Akaamua: Jumapili Marietha wa soprano aimbe wimbo wa mama, ule wenye noti hiyo, kwa kusoma maandishi yangu. Akiweza, mama anabaki. Akishindwa, mama anapumzishwa, na fimbo ya ualimu anapewa Godlisten.

Jumanne, 10 Juni

Dawa nimeipata kwenye simu. Kinanda kinagawa safari ya kutoka do hadi do ya juu hatua kumi na mbili. Wataalamu wa nje wanaigawa sabini na mbili, zote sawasawa, kila moja na namba yake. Do ni 0, re 12, mi 24, so 42.

Nikaenda kwa Mama Tusajigwe na programu ya kupima sauti. Nikampa shikamoo, akanipa maandazi. Akaimba huku anageuza mengine kwenye mafuta. Noti yake: 21. Mara tatu kaimba, mara tatu 21. Akasema kaachiwa na mama yake kule Tukuyu, na hajui kwa nini naipima kama kitambaa cha suti.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Asifiwe wa besi kalalamika kwamba yeye hata jedwali la kuzidisha aliishia kumi na mbili. Godlisten akauliza 43 anaandikishwa kwa baba yupi, so au la. Nikamjibu kinanda chake ni nyumba ya vyumba kumi na viwili, changu ghorofa. Mpangaji wa uani hajui mambo ya lifti. Watu walicheka sana, ila sijajua walimcheka nani.

Marietha peke yake kashika: 0, 12, 21, 42.

Jumamosi, 14 Juni

Balaa. Marietha kakalia miwani yake. Karatasi anaiona ukungu mtupu.

Nimewaza dakika mbili tu. Ukutani kanisani kuna ubao wa namba za nyimbo, namba kubwa kama sahani. Kesho nazitoa zile, naweka zangu. Lubumbashi wangeniita injinia.

Jumapili, 15 Juni

Marietha kasimama, kafungua kinywa. Usharika nao umefungua vitabu. Wimbo wa 0 haukuonekana, basi kinamama wakaanza 12, wa Krismasi. Kinababa wakashika 21, wa mazishi. Mzee Wilbert akamuuliza jirani yake nani katutoka. Godlisten akapiga 42 kwa sauti ya mwisho. Nikapunga mikono kuwazuia, wakadhani nawaongezea mwendo. Marietha akakaa chini.

Ndipo Mama Tusajigwe akaanza wimbo wake, taratibu, bila namba. Kinamama wakahamia kwake, kinababa wakafuata. Kinanda kikahangaika kutafuta pa kuingilia, kikanyamaza. Kwenye ile noti kanisa zima likatua, watu mia tatu.

Mchungaji kasema mama anabaki. Hafukuzwi mtu kwa noti iliyoimbwa na usharika mzima. Ila maandishi yangu yameshindwa. Fimbo nimemkabidhi Godlisten kwa mkono wangu. Mama akaniita mwanangu, akanishika bega, akasema nisilie mbele ya besi.

Jumatatu, 16 Juni

Kosa nimelichunguza, wala si langu. Sabini na mbili ni chache mno. Kila namba ina wimbo wake kitabuni. Nimemwandikia mchungaji barua nikipendekeza tugawe hatua elfu moja na mia mbili. Kitabu chetu kina nyimbo mia nne tu, hakiwezi kutufikia. Noti ya mama itakuwa 350.