Triga ya Kilo Mbili na Nusu

Jumatatu, 4 Mei 2026

Nimelala na hasira, nimeamka na hasira zaidi. Jana baada ya ibada Placide alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba nyama ya harusi ya Shekinah ataileta yeye. Swala mzima, atakayempiga mwenyewe kwenye msafara wa wawindaji tarehe 23. Shekinah ni binti yangu. Placide ni kaka ya mke wangu, msimamizi wa walinzi, mtu ambaye hajamaliza kitabu hata kimoja tangu aondoke Uvira. Watu wakapiga makofi. Mchungaji naye akapiga.

Tusi lenyewe naliandika hapa lisije likasahaulika. Katika ukoo wetu, anayeleta nyama ya harusi ndiye anayesema kwanza mezani. Wengine husema muda ukibaki, na muda haubaki. Hotuba yangu iko tayari tangu Februari. Kurasa kumi na nne. Inaanza na Mkutano wa Berlin na inamfikia bwana harusi ukurasa wa kumi na moja.

Nikasimama nikasema baba wa bibi harusi ndiye atakayeleta nyama. Placide akauliza, kwa upole wa kuudhi, shemeji utampiga na nini, na kalamu? Wakacheka. Hata Victorine, mke wangu wa miaka ishirini na sita, alicheka ndani ya leso.

Sijawahi kupiga bunduki. Nimesoma juu ya bunduki, jambo lenye manufaa zaidi.

Jumatano, 6 Mei

Fordsburg, dukani kwa Fahad. Mtu wa Mombasa, anauza bunduki za kuwindia, na klabu ya walenga shabaha ni yake, na msafara wa tarehe 23 pia. Kwenye gari lake imebaki nafasi moja. Kanuni: Jumamosi ya tarehe 16, kila anayeitaka atapiga risasi tatu kutoka mita mia moja. Atakayeziweka zote ndani ya duara lenye upana wa sahani ya chai ndiye atakwenda. Asiye na leseni, kama mimi, atatumia bunduki ya Fahad huku akisimamiwa.

Nikaomba anionyeshe za bei nafuu. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nafundisha wanafunzi wawili wawili Braamfontein, si waziri. Akatoa mbili, zote za bolti: unavuta bolti nyuma, unaisukuma mbele, risasi moja imeingia, unapiga, unaanza upya. Silaha ya mtu anayefikiri. Ya kwanza kuukuu, kitako cha mbao, triga, yaani kile kifyatulio cha kuvutwa kwa kidole, laini. Ya pili mpya, kitako cha plastiki kinacholia kama ndoo ukikigonga, triga ngumu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuja na mizani ya ndoano, ile Victorine anayopimia mizigo ya ndugu wanaosafiri kwenda Bukavu. Fahad alipohakikisha bunduki hazina kitu ndani, nikafunga ndoano kwenye triga na kuvuta mpaka ifyatuke. Mara kumi na mbili kila bunduki, nikiandika. Wateja wakakusanyika. Mmoja akauliza samaki ni bei gani leo. Matokeo: mbao, kilo moja na robo. Plastiki, kilo mbili na nusu.

Fahad akasema basi mwalimu wangu, jibu si umeshalipata, chukua ya mbao uanze mazoezi. Fikra za muuza duka. Nikamuuliza kama triga ya mbao inaweza kuboreshwa. Hapana, vipuri vyake havitengenezwi tena. Na ya plastiki? Ndiyo, ipo triga ya kisasa, fundi akiifunga inashuka hadi nusu kilo, lakini imebaki moja tu.

Nikachagua ya plastiki. Chombo kisichoweza kuboreshwa hakina mustakabali. Nilimfafanulia jambo hili kwa dakika arobaini. Akafunga duka kwenda kuswali, nadhani mapema kidogo.

Ijumaa, 8 Mei

Triga peke yake inakaribia nusu ya bei ya bunduki nzima. Nikamweleza Victorine kwamba fedha za suti yangu ya harusi zingefanya kazi kubwa zaidi kwenye triga. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Akasema hatamwona baba wa bibi harusi amesimama kanisani na triga.

Sawa. Ikiwa familia haitaki kuwekeza, klabu itawekeza. Bunduki ni ya Fahad, na triga ngumu ni aibu ya Fahad. Anachohitaji ni kusukumwa na umma. Leo nimetuma kwenye kundi la WhatsApp la klabu makala yenye kichwa "Udhalimu wa Kilo Mbili na Nusu", ujumbe kumi na mmoja mfululizo, kutoka kwenye namba yangu ya pili, niliyoiunga kundini kwa kiungo kilichobandikwa dukani. Sahihi: Mwanachama Mwenye Uchungu. Nimethibitisha kwamba mpigaji akikosa shabaha kwa triga ngumu, kosa ni la triga. Nimethibitisha kwamba nusu kilo ni haki ya kila mwanachama. Nimemaliza kwa kutaka klabu ifunge ile iliyobaki kabla ya tarehe 16, kwa gharama yake.

Hakuna aliyejibu. Ukimya wa watu waliotikiswa.

Jumapili, 10 Mei

Placide alinishika bega nje ya kanisa. Akasema shemeji, kuna msomi kwenye kundi letu la klabu, sijui ni nani, Mungu ambariki, amenifungua macho. Jana asubuhi na mapema alikwenda Fordsburg akanunua ile triga. Yeye ana bunduki ya plastiki kama ile ile, yenye leseni, tangu mwaka jana. Fundi ameshaifunga.

Amesoma ujumbe wote kumi na mmoja. Maishani mwake hajawahi kusoma kitu kirefu namna hiyo, na siku alipoamua kusoma amenisoma mimi, na hawezi kujua, na siwezi kumwambia.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Bertrams. Kwenye robot ya pili, taa za barabarani, dereva wa teksi alinipigia honi. Nilimjibu kwa hoja tatu. Taa ikawaka kijani, akaondoka bila kusikia ya tatu.

Jumanne, 12 Mei

Mkakati mpya: kidole. Kama triga haishuki, basi kidole na kipande juu. Nimeanza kuinua pasi ya Victorine kwa kidole cha shahada, mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Mara ya kumi na saba ikateleza ikaangukia dole gumba la mguu. Ilikuwa baridi, ashukuriwe Mungu. Uzito wake haukuwa baridi.

Victorine alikuwa anashona nguo za wasimamizi wa bibi harusi, pini zimejaa mdomoni. Alizitoa moja moja, akasema Papa Shekinah, shida si nguvu. Akanionyesha pedali ya cherehani. Ukiikanyaga kwa hasira, uzi unakatika. Unatoa pumzi, unasukuma kidogo kidogo kama mtu asiyesukuma, na kitambaa kinajiendea chenyewe. Miaka ishirini, alisema, hajawahi kujua ni sekunde gani hasa sindano inashuka.

Nikamwambia analinganisha pindo la sketi na elimu ya mwendo wa risasi. Shekinah alikuwepo. Alisema kitu kwa Kizulu, kama anavyofanya akitaka nisijibu.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika yote kwa utaratibu, ili siku moja yahukumiwe na watu wenye akili.

Uwanja wa klabu uko kusini, nje kabisa ya jiji. Upepo. Msimamizi ni Capitoline, Mrundi, anayefundisha walinzi silaha na kuniita Mzee Évariste. Nina miaka hamsini na mitatu. Victorine alikuja na chupa ya chai na maandazi, kwa sababu alisema mmoja wetu atahitaji kufarijiwa na hajui ni yupi.

Placide alianza. Alilala nyuma ya bunduki kwa madaha ya mtu mwenye nusu kilo. Bado alikuwa anatafuta shabaha kwenye darubini, kidole kikagusa tu, na risasi ikaondoka. Ikachimba ardhi katikati ya uwanja. Capitoline akasimamisha kila kitu, akamwamuru afungue bolti, aondoke mstarini, amekwisha kwa leo. Akasema triga nyepesi hivyo si ya mtu anayeshika vitu kama anashika mlango wa basi. Placide akanung'unika kwamba alisoma makala. Nilitazama mawingu.

Nafasi ilikuwa yangu. Sahani ya chai tu. Nililala na bunduki ya Fahad, nikakumbuka Berlin, nikavuta. Ya kwanza iliingia udongoni. Ya pili ilitoboa shabaha ya jirani, karibu na katikati, nataka hilo liandikwe. Ya tatu haijaonekana mpaka sasa.

Nikasimama nikatoa maelezo. Triga. Nilieleza kilo, gramu na historia. Capitoline alisikiliza, kisha akasema hebu tuone hiyo triga. Akageuka kando, akaijaza bunduki mwenyewe nisione, akanikabidhi. Nikalenga. Nikavuta. Tik. Hakuna mlio. Lakini mtutu ulizama chini kama mtu anayesalimia chifu, na wote waliokuwa nyuma yangu waliona. Akaniwekea tena. Tik, mtutu ukainama. Mara tano. Alikuwa ameweka risasi za bandia, zisizo na baruti.

Akasema, Mzee Évariste, bunduki haijalia bado, wewe umeshaikimbia. Unafumba macho, unakaza bega, unaigonga triga kama adui. Hata ya gramu kumi ungeinama.

Nikasema nimepewa risasi za uongo mbele ya mashahidi, na kwamba hii ni hujuma. Eish, mzee, alisema kijana mmoja, na kundi zima likatazama viatu vyao kwa adabu iliyoniumiza kuliko kicheko.

Hapo Capitoline akamgeukia mke wangu. Mama Shekinah, njoo basi ujaribu, umekaa na chupa hiyo tangu asubuhi. Victorine akafuta mafuta ya maandazi mikononi. Alielekezwa kwa muda wa kama dakika kumi na tano. Bunduki ile ile. Kilo mbili na nusu zile zile. Akalala chini na gauni lake, akatoa pumzi, na nikamwona mguu wake wa kulia ukisukuma majani taratibu, kama pedali.

Tundu tatu. Fahad alikwenda kuzitazama kwa karibu, akarudi akasema zinafunikwa na kifungo cha koti.

Nikasema hakujiandikisha. Fahad akasema kanuni ni kila anayeitaka, kwa hiyo swali ni moja, Mama, unaitaka nafasi? Victorine akajifuta majani kwenye gauni. Akasema anaitaka. Nikamuuliza kwa nini, kwa jina la Mungu, wakati angeweza kuniachia. Akasema amepika kwenye kila harusi ya ukoo huu miaka ishirini na sita na hakuna siku aliyoulizwa ana neno gani.

Tukarudi kwa gari moja. Placide alikula maandazi yote.

Jumapili, 24 Mei

Wamerudi. Swala mmoja, risasi moja. Nilikaa nyumbani jana kutwa nikipokea wateja wake wa kushona, na mwanamke mmoja alinirudisha mara tatu nimpime kiuno upya. Nilipompigia Victorine simu nilimuuliza jambo moja tu la maana: triga ilikuwaje? Akasema hakukumbuka kama kuna triga. Swala alikuwa amesimama kwenye jua, akamwonea huruma, akatoa pumzi, na ikawa.

Huruma. Nimetafuta neno hilo katika kila nilichosoma juu ya ulengaji. Halimo.

Jumapili, 31 Mei

Harusi ilikuwa jana. Nyama ilisifiwa. Mchungaji alirudia mara mbili.

Victorine alisema kwanza. Ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo haujawahi kuninyamazia. Alisema hivi, nanakili: "Nimewavisha wengi wenu. Leo nimewalisha. Shekinah, mwanangu, ukiwa na neno usingoje mpaka uulizwe. Kuleni." Shekinah alilia mpaka wanja ukashuka mashavuni. Alimjibu mama yake kwa Kiswahili, sentensi nzima, mbele ya watu. Sikuisikia vizuri. Nilikuwa napanga kurasa.

Nilisimama baada yake. Nilifika ukurasa wa pili, wajumbe bado wanavua makoti Berlin, mpiga muziki akabonyeza wimbo. Placide ndiye aliyekuwa karibu na mpiga muziki. Nimeliandika.

Usiku mzima nimelitafakari suala hili bila chuki, na leo asubuhi hitimisho limekuja lenyewe. Triga. Victorine alifaulu kwa sababu mimi niliilainisha kwanza, kwa risasi tatu na tik tano. Hakuna aliyenishukuru. Na Placide alishindwa kwa sababu nusu kilo iliangukia mikono isiyosoma. Makala yangu bado haijapingwa na mtu.

Baada ya ibada Placide alinivuta kando. Fundi amemrudishia triga yake ya zamani, na ile nyepesi hataki hata kuiona. Akauliza kama namjua mtu anayeihitaji. Nikajifanya nafikiri. Nimeinunua kwa bei ya shemeji, ambayo nilikuja kugundua ni kubwa kuliko ya Fahad.

Ile bunduki ya plastiki ya Fahad anainunua Victorine, ameshaijazia fomu za leseni kwa jina lake, na ameniambia nikiigusa na bisibisi nitalala kanisani. Kwa hiyo triga nimeihifadhi kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Ni nzuri ajabu. Nyepesi. Inang'aa. Mwakani anaoa mtoto wa Placide, na nyama ya harusi hiyo nitaileta mimi. Hotuba nimeanza kuirefusha leo.

Kilichobaki ni bunduki.