Rangi ya Damu ya Mzee

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeanza kujenga. Yaani, nimepaka mlango rangi. Chumba chenyewe bado hakipo, lakini mlango upo, mkuukuu, imara, umeegemea ukuta wa jiko la Mama huko uani. Siku moja nitakaa nyuma ya mlango huo, peke yangu, nifikiri. Rangi ni damu ya mzee. Muuza rangi aliichanganya mbele yangu, akakiri kwamba hapa mtaani hajawahi kuombwa rangi iliyoiva namna ile. Nilijisikia mtu wa pekee.

Mjomba, ambaye ni mwashi na ndiye atakayenijengea, aliuliza kama siku hizi chuoni wanafundisha kuanza na mlango. Nikamweleza kwamba mlango ni ahadi. Akasema sawa, msomi wetu, mvua ikinyesha ujifunike hiyo ahadi.

Wakati huo nilikuwa nimesikia nyundo. Ng'ambo ya ukuta, Nesi anajenga banda la kuku!

Jumanne, 5 Mei

Nesi ni jirani yetu, mstaafu. Sindano zangu zote za utotoni alinidunga yeye. Nasisitiza kwamba hili halina uhusiano wowote na hatua niliyoichukua leo.

Nimechungulia kutoka dirishani kwangu. Mbao zake zimegusa ukuta wa mpaka. Sheria ya mtaa iko wazi: mtu asijenge chini ya hatua tatu kutoka ukuta wa mpaka, isipokuwa jirani yake asimame pale pale mpakani, mbele ya mkaguzi, atamke kwa kinywa chake kwamba hana pingamizi. Sisi hatujatamka kitu! Na jogoo wake ameshaanza kupaza sauti kama mtu anayedai urithi. Nitafikirije?

Nilimwambia Mama. Akasema kuku ni kuku, mwanangu, nipishe nitoe mikate.

Basi nikaenda kwa Mkaguzi wa Majengo. Nilizungumza vizuri mno. Nilitaja usawa, mipaka, amani ya nafsi. Alinisikiliza akijipepea na kofia, kisha akalalamika kwamba kazi yao ngumu, mara nyingi wanafika mahali pa kutia alama ya X na kukuta rangi imekauka koponi. Nikaona haki inaweza kukwama kwa sababu ya kopo! Nikarudi mbio nyumbani, nikamletea kopo langu, nimelifunga gazetini. Alinishukuru. Alisema laiti vijana wote wangekuwa kama mimi.

Nilitembea kurudi nyumbani taratibu, kama mtu anayepigiwa ngoma.

Jumatano, 6 Mei

Siwezi kuandika. Naandika.

Mkaguzi alifika kwa Nesi asubuhi. Nami nilikuwa pale, eti nimekuja kununua mayai. Alipima. Mbao zilizogusa ukuta si banda. Ni mbao tu, zimeegemezwa! Banda lenyewe liko mbali, tena limepita hatua tatu kwa kiasi cha kutosha kumlaza mbuzi. Nesi akampa Mkaguzi kiti na maji. Mimi nikapewa mayai.

Kisha Mkaguzi akainua macho juu ya ukuta, akaona moshi. Akauliza, na lile linalofuka, limejengwa wapi?

Jiko la Mama. Jiko lenye tanuri, alilolijenga marehemu Baba kwa mikono yake. Halijaachana na ukuta wa mpaka hata hatua moja. Linaushikilia kama mtoto mgongoni.

Ardhi ilikuwa na nafasi ya kunimeza. Haikunimeza.

Wateja wa mikate walikuwa wamepanga foleni alipoichora. X kubwa, nono, na chini yake BOMOA. Mama akapewa mpaka Jumamosi. Mikate ya tanuri hilo ndiyo iliyonilisha, ikanivisha, ikanipeleka chuo nikajifunze neno "mipaka".

Mjomba aling'aka kwamba huyu mchongezi hayuko mbali, kikulacho ki nguoni mwako. Nikatikisa kichwa kwa uchungu pamoja nao. Nilitikisa kuliko wote.

Mama aliitazama X. Akautazama mlango wangu ulioegemea pembeni yake. Akairudia X. Damu ya mzee, vyote viwili!

Mlango nimeufunika gunia.

Alhamisi, 7 Mei

Gunia halikusaidia. Mkaguzi ni mtu muungwana kupita kiasi. Leo amerudisha kopo. Kwa mlango wa mbele. Kwa Mama. Akamwomba anishukuru sana, na akasema rangi hii imekolea, hata mvua ya masika haitaifuta.

Mama aliliweka mezani, kati ya chai na mkate. Nikangoja kofi. Nikangoja kilio. Alinikatia mkate kipande cha pembeni, kile kigumu ninachokipenda tangu utotoni. Nilikitafuna.

Mwishowe akasema kwamba Nesi akikubali kutamka, jiko litabaki, asipotamka litaanguka. Akasema kwenda kumwomba si kazi yake, na si ya Mjomba. Alikuwa anapangusa makombo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kweli hakuniambia.

Ijumaa, 8 Mei

Nilikwenda kwa Nesi asubuhi nikiwa na hotuba kamili. Nikapiga hodi. Akafungua. Nikanunua mayai.

Nikaenda tena. Mayai.

Mchana, mayai. Bakuli limejaa, na sufuria pia. Mjomba amependekeza tubadilishe biashara.

Jioni Nesi alifungua kabla sijapiga hodi. Aliuliza, wewe binti, mnayala au mnayaatamia? Nikaanza kulia, jambo ambalo halikuwa kwenye hotuba. Nikasema kuna mtu alikosea. Nikasema huenda mtu huyo namfahamu. Akanikatiza: mtu huyo alikuwa anachungulia dirishani na futi ya kupimia mkononi, hadi inang'aa juani, na yeye uzee haujampofusha.

Nikamwomba atamke. Alinitazama kama zamani, alipokuwa na sindano mkononi.

Akasema, "Nibomoe jiko la mama yako, halafu asubuhi nile nini, hasira zako?"

Kisha akanionyesha banda. Amelijenga upande ule kwa makusudi. Ukuta wa tanuri unatoa joto linalofika hadi pale, vifaranga hawatakufa kwa baridi. Alikuwa amekubaliana na Mama tangu mwezi uliopita. Kumbe mama yangu alijua kila kitu! Alikuwa ameniambia? Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nafikiri.

Nesi aliniomba nimshikie bati wakati anapigilia misumari. Nikashika. Jogoo alinidonoa kisigino. Sikulalamika, nadhani alikuwa na haki.

Jumamosi, 9 Mei

Mpakani. Mama upande huu, Nesi upande ule, Mkaguzi amesimama juu ya ndoo ili awaone wote wawili. Foleni ya mikate haikuondoka, ilisogea karibu.

Nesi akatamka kwamba hana pingamizi, na jiko likitaka kusogea zaidi kwake lisogee. Nikashusha pumzi. Mapema mno! Mkaguzi akasema utaratibu una kipengele kingine: palipo na malalamiko, mlalamikaji naye asimame ayaondoe, kwa sauti, mbele ya watu.

Mjomba akageuka huku na huko akimtafuta mshenzi huyo.

Nikasema, "Mimi."

Mkaguzi akaniomba nirudie, upepo ulikuwa umelichukua neno. Nikarudia. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema yule yule aliyesomeshwa na mikate? Mwingine akasema ndiyo, yule wa mlango. Masikio yangu yalipata rangi ile ile.

Jiko limebaki. Mama alilia kidogo, kwa aproni, akifanya kama ni moshi. Nililala kitandani mchana kutwa nikiwa nimegeukia ukuta.

Kabla ya hapo, wakati wa kuondoka, Mkaguzi alifunua gunia, akauliza kile ni nini. Mama akamjibu kwamba ni mlango wa binti yake, bado anautafutia chumba.

X haifutwi. Mama amekataa. Amesema ikae, inapendezana na mlango.

Jumanne, 12 Mei

Siku tatu za toba. Nimekanda unga, nimebeba kuni, nimelisha kuku wa Nesi. Nimeapa kwamba uani kwa mtu ni uani kwake, na macho yangu yatabaki kwenye vitabu. Mama ameanza tena kuniita mwanangu. Nimebadilika. Naiona tofauti ndani kabisa.

Leo fundi cherehani wa nyumba ya nyuma amesimika nguzo. Nne! Karibu na ukuta. Karibu sana, kwa jinsi ninavyoona kutoka dirishani.

Si kwa ubaya. Mtu mwingine asiyemjali jirani yake angenyamaza, maskini fundi akaja kubomolewa kazi ikishaisha. Mimi yameshanikuta. Ni wajibu wangu. Nitapita kwa Mkaguzi kesho, kuuliza tu.

Rangi imebaki nusu kopo. Kuiacha ikauke ni israfu.